Geuza nguo uone ndani: namna ya kufanya kazi kwa moyo wote kama unamfanyia Bwana

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Kuna bi mkubwa mmoja wa Kikwajuni, mteja wangu miaka mingi sasa, akija kuchukua nguo yake haitazami mbele hata kidogo. Anaipokea tu anaigeuza ndani nje, anapitisha kidole mshono wa kwapa, mshono wa ubavuni, pindo la chini, kimya, na mie nimekaa pale namtazama roho juu, akimaliza ndo anaikunja anatia mfukoni anatoa pesa. Mara ya kwanza niliumia, nikaona ananidharau. Nikaja kufahamu baadae kwamba yule bibi Muislamu alikuwa anajua kitu ambacho mie mtu wa Misa kila Jumapili sijakijua. Nje ya nguo kila fundi anaipendezesha, ukitaka kumjua fundi tazama ndani.

Nnaandika hii kwa Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba, mafundi, walioko mahotelini, walimu, wauguzi, mama lishe, yeyote mwenye kazi ya kumpatia riziki. Kila mara tunaambiwa tufanye kazi kama kwa Bwana, sawa, lakini kesho saa mbili asubuhi unaanzia wapi? Hilo ndo nataka tusaidiane, na mifano yangu mingi itakuwa ya cherehani kwa sababu ndo kazi nnayoijua, wewe hamishia kwako.

Naanza na kosa langu maana bila ya hilo hata nisingekuwa na la kuwaambia.

Mwaka mmoja kwaya yetu walinipa sare za Krismasi, nguo 18. Bei ilikuwa ya kanisani, mnaijua wenyewe. Na wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi ya harusi ya watu wenye uwezo, wamelipa nusu mkononi. Basi za harusi nikazitia bitana, nikapiga overloki kote kingo zisifumuke, kila mshono nikaurudia mara mbili, nikakaa napiga pasi mpaka saa saba usiku. Za kwaya nikazilipua. Mshono mmoja tu, nyuzi zinaning'inia ndani, kwapani sikuacha hata kitambaa cha akiba, na nakumbuka nilisema kwa mdomo wangu, "za kanisani hizi hazina neno, Mungu anaangalia moyo." Misa ya usiku wa Krismasi, tumefika kwenye Utukufu, mama mmoja wa sauti ya pili akainua mikono na mie niliekuwa nimekaa safu ya mbele yake nikasikia kitambaa kinachanika. Yule mama akaimba Misa nzima mkono kaubana ubavuni. Hakuniambia neno, alinipa amani kwa mkono mmoja.

Niliporudi nyumbani nikaenda Malaki, maana kuna maneno yalikuwa yananizunguka kichwani tokea kanisani. Malaki 1:8, watu walikuwa wanamletea Mungu sadaka wanyama vipofu na vilema na wagonjwa, nabii akawaambia, haya, mtolee liwali wako, je atakuwa radhi nawe? Liwali, yaani mtawala, sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kuelezwa, wazee wetu waliwajua, na hakuna ambae angempelekea liwali mbuzi kilema. Mie liwali wangu alikuwa bibi harusi. Yeye nilimpa mbuzi mzima, Mungu nikampa yule anaechechemea.

Na lile neno la Mungu kuangalia moyo ni kweli kabisa, ni Samweli wa Kwanza 16:7, lakini mie nililifanya pazia. Mungu alitazama moyo wangu ule usiku akaona vizuri sana kilichomo.

Sasa tuje kwenye namna ya kufanya.

Anza mdomoni, kabla hujashika kazi

Watu wanadhani kujituma kunaanza unapotoka jasho. Mie naona kunaanza pale unapoipokea kazi. Sisi mafundi cherehani tuna uongo wetu mmoja mkubwa unajulikana mji mzima, "njoo kesho". Mteja anakuja Alhamisi, njoo Jumamosi, Jumamosi njoo Jumatatu, na kitambaa bado kimo mfukoni hakijakatwa. Halafu ikibaki siku moja ya shughuli unakishona usiku wa manane macho yamewiva, hapo hata ungekuwa na moyo wa malaika nguo haitoki. Kazi mbovu nyingi nilizozifanya mie hazikutokana na uvivu, zilitokana na "ndiyo" niloitoa huku najua siwezi. Na Yesu kashasema kwenye Mathayo 5:37 maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Kwa hiyo mtu akisema anamtumikia Bwana kwa cherehani chake halafu kila siku anadanganya wateja, huyo bado hajaanza.

Nunua daftari, hata la skuli. Hesabu kwa siku moja unaweza kumaliza kazi ngapi vizuri ukiwa mzima na umeme upo, halafu punguza. Mie naweza nguo 3 za kawaida, naandika 2, kwa sababu mtoto ataumwa, umeme utakatika, na kutatokea msiba mtaani, na msiba huku kwetu hukai nyumbani ukashona. Jumapili siandiki kitu. Ukurasa ukijaa napiga mstari chini, anaekuja baada ya hapo namwambia nimejaa nenda kwa fulani, na huyo fulani tunagombania wateja walewale. Mwanzo ilikuwa inaniuma nikiona pesa inavuka barabara inakwenda kwa mwenzangu. Lakini zile 2 nlizoziandika zinashonwa na mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Walimu nao, usichukue tuition za watoto wa mtaa mzima ukaja darasani umechoka. Alieko hoteli, usikubali kubadilishana shifti na kila mtu anaekuomba. Sema siyo mapema, kwa upole.

Halafu sala. Fupi. Mie naweka mkono juu ya kitambaa kabla sijatia mkasi, nasema Bwana hii ni ya mama fulani, nisaidie nisimharibie. Basi. Siku za mwanzo nilikuwa nasali ndefu nusu saa, mteja kasimama mlangoni ananisubiri, nikaona hapana, mda wa mtu nao ni amana. Ukiwa na kazi ya kompyuta sali kompyuta inapowaka, ukiwa na daladala sali kabla hujatia ufunguo, sala yenyewe iwe na jina la mtu ndani yake, hilo ndo muhimu, usiseme tu "ibariki kazi ya mikono yangu" ikaishia hewani.

Jua nani anaipokea

Wakolosai 3:23 tunaijua kwa moyo, lolote mfanyalo lifanyeni kwa moyo kama kwa Bwana wala si kwa wanadamu. Mtu anaweza akaielewa vibaya akaona basi mwanadamu hana maana. Yesu mwenyewe kasema kwenye Mathayo 25 mlipomtendea mmoja wa hao wadogo mlinitendea mimi, kwa hiyo Bwana anaipokea kazi yako kupitia mkono wa huyuhuyu alosimama mbele yako na mfuko wa plastiki.

Na huku kwetu huyo alosimama mbele yako mara nyingi si Mkristo. Hili nataka nilisemee kidogo. Sisi ni wachache visiwani, majirani zetu, wateja wetu, mabosi wetu, wengi ni Waislamu, na nshasikia Mkristo mwenzangu anasema "ya mkristo mwenzangu nitaishona vizuri zaidi." Astahili kukemewa huyo. Kila mwaka ikiingia Shaabani naanza kuletewa vitambaa vya sikukuu, kanzu za watoto, magauni ya wasichana, na zile nguo mie nazishona kwa uangalifu ule ule wa nguo ya kipaimara. Ikifika Ramadhani sinywi chai mbele ya mteja, naweka mda wa kuchukua nguo uwe kabla ya alasiri ili mama asikatishwe akiwa jikoni anapika futari. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Mtoto akivaa kanzu yake asubuhi ya Idi ikamkaa mabegani vizuri akaenda nayo kuswali, mie namshukuru Mungu wangu nyumbani kwangu. Sijawahi kumhubiria mteja, na sitaki. Yule msamaria wa Luka 10 alimfunga mtu majeraha akamlipia na nyumba ya wageni, hatusomi popote kama alimuuliza dini.

Jizoeshe hivi: kila kazi iandike jina la mtu, usiandike namba tu. Mie naandika kwa chaki pembeni ya kitambaa. Ukiwa unaandaa vyumba 14 hotelini huwezi kujua majina, lakini unaweza kusimama nukta moja mlangoni ukafikiria kuna mtu atalala humu leo, katoka mbali, kachoka.

Chagua sehemu moja isoonekana, uanzie hapo

Hapa ndo penyewe, nitakaa kidogo.

Mie nimezaliwa Pemba, Weti, na utoto wangu umenuka karafuu. Alowahi kuchuma anajua, wachumaji wanapanda wanakata mashada, jioni yanaletwa nyumbani, tunakaa wote barazani na taa tunachambua, unakunja shada kiganjani karafuu zinakatika zinabaki makonyo, karafuu huku makonyo kule. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, wingu likionekana tu kila mtu anakimbia, mpaka zikauke ziwe ukiivunja inalia. Makonyo nayo yanauzwa, yanakamuliwa mafuta, lakini bei yake si ya karafuu hata kidogo. Ndo maana watu wenye tamaa wanachanganya.

Siku moja mie na binamu yangu, tuna kama miaka kumi, usingizi umetushika, tukaanza kutupia mashada yalivyo, na makonyo yake, chini ya gunia, juu tunatandaza safi. Bibi alitia mkono mara moja tu akajua. Hakupiga mtu. Akalimwaga gunia zima juu ya jamvi akavuta taa akatuambia, "Sehemu ya kumi ya gunia hili ni ya Mungu. Mnajua ni sehemu ipi, ya juu au ya chini?" Tukasema hatujui. "Basi chambueni lote." Tulichambua mpaka jogoo la kwanza, na yeye kakaa na sisi anachambua.

Mafundisho ya zaka nimesikia mengi tokea hapo lakini hakuna lilonikaa kama lile. Kama zaka inatoka kwenye mshahara wako na mshahara unatoka kwenye kazi yako, ipi katika hiyo kazi ni sehemu ya Mungu? Hujui. Labda ni ile saa moja ulokuwa unazuga na simu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kaa chini leo uitafute kwenye kazi yako sehemu ambayo hakuna binaadamu anaeikagua, kila kazi inayo. Kwangu ni ndani ya kwapa. Wa hoteli ni nyuma ya choo na chini ya kitanda upande wa ukutani. Mpishi ni kuosha mchele na kuchambua maharage, kuosha mbao ya kukatia nyama kabla ya kukatia salad. Mwalimu ni yale madaftari ya mwisho kwenye rundo, yale unayoyapiga vema bila kusoma. Muuguzi ni kunawa mikono zamu ya usiku. Fundi wa nyumba ni kiasi cha saruji kwenye zege, maana ikishamwagwa nani atajua, lakini nyumba itajua. Mwenye ofisi ni barua ya mtu maskini ilokuwa chini ya faili.

Usijaribu kubadilisha kila kitu kwa wiki moja, utachoka utarudi ulipokuwa. Chukua hiyo sehemu moja tu, mwezi mzima, ifanye iwe safi kuliko sehemu zote, na usimwambie mtu. Mkeo asijue, mumeo asijue, padri asijue. Mathayo 6 inasema Baba aonaye sirini, na hapo ndo utajijua, maana siku tatu za mwanzo utatamani sana mtu apite aone. Mie nilitamani. Nilikuwa naziacha nguo zimegeuzwa ndani nje mezani makusudi.

Na kitu nilichokiona baada ya mwezi, sehemu iliyofichika ikiwa safi zile za nje zinafuata zenyewe. Mkono ukizoea haujui tena kulipua.

Kipimo ni ulicho nacho leo

Sasa kuna watu wakisikia "bora yako yote" wanaingiwa na hofu, wanaona lazima kazi iwe kamilifu haina hata doa, wanakesha, wanaifumua mara kumi. Nakwambia hicho sicho alichokisema Bwana. Kwenye Marko 14 yule mwanamke wa Bethania alovunja kibweta cha marhamu, yale mafuta ya thamani, watu wakamnung'unikia, Yesu akasema mwacheni, ametenda alivyoweza. Nayapenda haya maneno matatu kuliko mahubiri mengi. Na kwenye ule mfano wa talanta kila mtu alipewa kwa kadiri ya uwezo wake, wa tano akaleta tano nyingine, wa mbili akaleta mbili, na wote wawili wakaambiwa neno lile lile, vema mtumwa mwema na mwaminifu. Wa mbili hakuulizwa tatu zako ziko wapi.

Wa Unguja mnakumbuka Disemba 2009 umeme ulipokatika kisiwa kizima, ukaja kurudi Machi 2010. Miezi mitatu. Maji shida, mji mzima majenereta yanaunguruma, na cherehani changu kilikuwa cha umeme. Nikaazima cha mguu kwa jirani, kikuukuu, overloki hakina, miguu inauma, mwanga ni wa dirishani tu mpaka jioni. Nilikuwa natoa nguo moja kwa siku, na ndani badala ya overloki nakunja kitambaa nakishona kwa mkono. Ukiziweka pembeni ya nguo za mwaka mwingine utaona si nzuri kihivyo. Lakini mie nikikumbuka kazi niloifanya kwa moyo wote maishani mwangu nazikumbuka zile.

Kwa hiyo kila asubuhi jiulize leo nina nini, nguvu kiasi gani, vifaa gani, saa ngapi, halafu hicho chote kitoe. Mama mwenye mtoto mchanga bora yake ya leo si ya mwaka juzi kabla hajazaa. Ukiwa na homa bora yako inaweza ikawa kumpigia bosi simu mapema umwambie huji, ili atafute mtu, badala ya kwenda ukaharibu na ukawaambukiza wenzako. Mhubiri 9:10 anasema lolote mkono wako utakalolipata kulifanya ulifanye kwa nguvu zako. Zako, si za jirani.

Na upumzike. Yesu aliwaambia wanafunzi njooni faraghani mkapumzike kidogo, ni Marko 6:31, na watu walikuwa bado wamejaa wanawasubiri.

Utumwa wa macho

Hili gumu, na mie nilikaa miaka siligusi.

Kanisa la Mkunazini, hapa mjini Unguja, limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo, Askofu Edward Steere ndo alosimamia. Sasa kaa ndani ya kanisa hilo halafu lisomwe somo la Wakolosai 3 kuanzia aya ya 22, "Ninyi watumwa, watiini hao ambao kwa mwili ni bwana zenu katika mambo yote, si kwa utumwa wa macho." Maana ile aya tunayoipenda ya kufanya kazi kwa moyo, walioandikiwa kwanza ni watumwa. Mie kila ikisomwa pale masikio yalikuwa yanaziba. Nawaza wale walosimamishwa hapa wakatazamwa meno, ndo waambiwe wajitume?

Nikaisoma tena polepole nyumbani, mara nyingi. Aya ya 24 inasema mtapokea kwa Bwana ujira wa urithi. Mtumwa harithi! Mtumwa yeye mwenyewe ndo anaerithiwa, na Paulo anamwambia wewe ni mrithi. Halafu sura ya 4 aya ya kwanza anageuka kwa mabwana, wapeni watumwa wenu yaliyo haki na ya adili, nanyi mna Bwana mbinguni. Utumwa wa macho ni kufanya kazi bosi akiwepo na kuzembea akiondoka, na nikaona kwa nini ameuita utumwa, kwa sababu mtu huyo kila anachofanya kinaamuliwa na jicho la mwengine. Anaefanya kwa Bwana bosi hajammiliki ndani, akiwepo sawa, asiwepo sawa.

Lakini sikilizeni, na hapa nasema kwa uchungu. Wapo wanaoichukua aya hii kuwanyonya watu. Kijana wa kikristo katoka bara kaja kutafuta maisha huku pwani ya mahoteli, anajituma, masaa yanaongezwa, mshahara unacheleweshwa, akiuliza anaambiwa wewe si mlokole, vumilia. Hiyo ni dhambi. Yakobo 5:4 inasema ujira mliouzuia kwa hila unapiga kelele na vilio vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kujituma kwa imani hakukukatazi kudai haki yako. Omba mkataba wa maandishi kabla ya kuanza. Andika kwenye daftari siku na masaa uliyofanya. Ikicheleweshwa zungumza na mkubwa wako kwa adabu, ukiwa na daftari mkononi, na isiposikika Kamisheni ya Kazi ipo, nenda. Huku unasubiri usilipue kazi kulipiza, maana aliyelala kwenye kile chumba hakukukosea. Ukiona haiwezekani ondoka kwa heshima, kazi yako ya mwisho uiache safi.

Na wewe unaeajiri, hata kama ni msichana mmoja tu wa kukufulia au mwanafunzi wa cherehani, aya ya 4:1 ni yako. Nina wasichana wawili wananisaidia vifungo na pindo, nilikuwa nawalipa nikikumbuka. Sasa wamo kwenye daftari, kila Ijumaa jioni, kabla sijanunua uzi.

Usije ukadhani unamnunua Mungu

Hapa nitapita haraka kwa sababu mnalijua. Waefeso 2:8-10, tumeokolewa kwa neema si kwa matendo, halafu hapohapo, tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Ukijiona umeanza kuwahesabia wenzako kanisani nani anajituma nani mvivu, au siku kazi ikiharibika unaona Mungu kakuchukia, simama. Mtoto anamsaidia mama jikoni na keshakuwa mtoto wake tokea zamani.

Ukiharibu, fumua

Utaharibu tu. Pale pale Mkunazini upande wa mlango mkubwa kuna nguzo zimewekwa kichwa chini, wanahadithia kwamba mafundi walizisimamisha hivyo wakati askofu hayupo, na mpaka leo ziko hivyohivyo, wageni wanaoneshwa. Makosa mengine hayafumuliki, unaishi nayo na Misa inaendelea. Lakini mengi yanafumulika, na fundi anaeona haya kufumua hafiki popote.

Namna yake ni hii. Kwanza nenda wewe kwa mwenyewe kabla hajaja yeye. Usianze na umeme, usianze na kitambaa kibaya, sema nimekosea hapa. Pili rekebisha kwa gharama yako. Tatu irudie kazi yote, usiishie pale palipoonekana. Nilikaa na ile aibu ya Krismasi mpaka Epifania ilipopita, ndo nikasimama baada ya Misa nikawaambia kwaya naomba nguo zote mnirudishie. Wengine walisema zao hazijachanika, nikawaambia najua, nipeni tu. Yule mama wa sauti ya pili nilimfuata kwake Mbweni nikamuomba radhi, akanikaribisha chai na mandazi, nguo akanipa keshaifua na kuipiga pasi, na kwapani kaishona mwenyewe kwa mkono, vizuri kuliko mie.

Nikafumua moja moja jioni baada ya kazi za wateja. Nikaongeza kipande kwapani, nikarudia mishono mara mbili, nikapiga overloki, nikakata nyuzi zote. Imenichukua mpaka Kwaresima. Nguo 17 zimerudi kwa wenyewe. Ya 18 mwenyewe kahamia Dar kabla hajaniletea, kitambaa chake cha kuongezea kwapani nimekikunja kimo kwenye kopo la vifungo pamoja na uzi wa rangi yake, na namba yangu anayo.